Maiti Vuguvugu Siku ya Chakula Baridi

Shan Deyou alikuwa bado hajakiri, na jambo hilo lilimuudhi Hakimu Teng kuliko damu iliyorukia viatu vyake vipya. Mzee alilazwa kifudifudi kwenye sakafu ya baraza, suruali imeshushwa hadi magotini. Askari mmoja alimkalia mabega, mwingine akamkalia vifundo vya miguu, na wa tatu alikuwa akishusha mwanzi. Fimbo za baraza la wilaya ya Shuofen zilichongwa bapa makusudi ili zichane nyama kabla ya kufikia mfupa. Mapaja ya mzee yalikuwa yameshachanika, na kila pigo sasa lilitoa mlio wa nguo mbichi inayopigwa juu ya jiwe.

"Sema ulimuua Gai," alisema hakimu.

"Sikumuua."

"Endelea."

Ruan Shidao, mkuu wa askari wa wilaya, alisimama kando ya nguzo akitazama. Hakuwa mtu wa kugeuza uso mbele ya damu. Alipigana mpakani dhidi ya watu wa Xia akiwa kijana, na alikuwa amekamata majambazi zaidi ya nywele zilizobaki kichwani mwake. Lakini Ruan mwenyewe ndiye aliyemfunga kamba mzee huyu alfajiri ile, kwa mkono wake, na tangu asubuhi kulikuwa na kitu katika kesi hii kisichomwingia akilini.

Hakimu alimwita kwa kidole. Alikuwa mtu mnene, mwenye haraka, na haraka yake ilijulikana: ilikuwa siku ya pili ya Chakula Baridi, ofisi zote zilifungwa, na wake zake walikuwa wakimngojea kando ya mto kwenye bembea. Akasema kwa sauti ya chini kwamba keshokutwa yeye mwenyewe ndiye atakayewagawia watu wa mji moto mpya, na hatagawa moto mpya huku kesi ya damu ingali mezani. Jua likizama mzee awe ametia dole gumba kwenye karatasi.

"Na akifa kabla ya hapo, Mheshimiwa?"

"Basi atakuwa amekufa kwa ukaidi wake. Akikiri, atakatwa kichwa. Wewe unaona kuna njia ya tatu?"

Ruan hakuiona, na hilo ndilo lililomtoa nje.

Kesi yenyewe, kwa jinsi ilivyoelezwa, ilikuwa nyepesi mno. Marehemu, Gai Qilang, alikuwa msimulizi wa ngano, askari wa zamani aliyeishi kwa ulimi. Alikaa katika duka la pombe la Lango la Kusini, akagonga meza kwa kibao chake cha mti, na wafalme wa kale wakafufuka, wakapigana, wakafa tena, watu wakamtupia sarafu. Asubuhi ya jana, siku ya kwanza ya Chakula Baridi, alisimulia kisa cha Jie Zitui, kwa sababu siku hizi ni zake Jie.

Hakuna mtoto wa Shuofen asiyekijua. Bwana wake Jie alikuwa mkimbizi, njaa imemshika porini, karibu afe. Jie akajikata nyama ya paja, akampikia supu. Bwana akala, akapona, akarudi kutawala, akawazawadia wote isipokuwa yeye. Jie hakudai kitu. Alimbeba mama yake mgongoni wakapanda Mlima Mian. Bwana alipoona haya na kumtaka arudi, akakataa. Basi washauri wenye akili fupi wakasema, choma msitu, atatoka. Hakutoka. Walimkuta amekuwa mkaa chini ya mti, na mama yake amegandamana naye mgongoni hata haikujulikana ngozi ya nani ni ipi. Kwa ajili hiyo, siku tatu kila mwaka, hakuna moto unaowashwa wilaya nzima. Si wa kupikia, si wa taa. Wazee wa mitaa hupita nyumba kwa nyumba tangu jogoo la kwanza wakipitisha unyoya wa kuku ndani ya majivu ya kila jiko, na unyoya ukijikunja hata kidogo, mwenye nyumba atajuta.

Gai alisimulia yote hayo vizuri, kisha akaharibu. Alisema duniani kuna mapaja ya namna mbili: liko lililokatwa kwa upendo, na liko lililochomwa mkuki kwa nyuma wakati mwenyewe anatimua mbio, ila yakipona, makovu hufanana, na wajinga huyasujudia yote mawili. Watu walicheka. Shan Deyou, mtunza hekalu la Jie, hakucheka. Alidhani Jie anatukanwa siku yake mwenyewe. Akampiga Gai kwa ufagio mbele ya umati na kumwambia kwamba atalipa nyama kwa nyama.

Leo asubuhi wazee wa unyoya walifika hekaluni wakamkuta Gai nyuma ya ukuta, kisogo kimepondwa, mguu mmoja hauna kiatu, na kipande cha nyama kimechotwa pajani. Nyama yenyewe ilikuwa ndani, katika bakuli la sadaka, mbele ya sanamu ya Jie. Shan alikuwa amelala peke yake chumba cha pili. Na maiti ilikuwa na joto, viungo vyake laini kama vya mtu aliyesinzia. Yeyote aliyemuua alimuua muda ule ule, alfajiri, na alfajiri watu wote wa mtaa wenye heshima walikuwa pamoja wakikagua majivu. Nani mwingine angebaki?

Ruan aliuuliza moyo wake swali hilo hilo akivuka uwanja kwenda kibandani kwa mkagua maiti.

Mzee Mu, mkagua maiti, alikuwa amekaa juu ya kigoda kando ya marehemu akila. Alikuwa mtu wa kiburi. Akishasema neno juu ya maiti halirudi, kama mate yaliyotemwa. Gai alilala mbele yake uchi juu ya ubao, mdomo wazi, na ule mdomo uliowachekesha watu miaka yote sasa ulikuwa na inzi.

"Umekuja kumwangalia tena?" aliuliza Mu. "Hajabadilika."

"Nieleze upya, Mzee Mu. Hili paja."

Mu alieleza huku akitafuna. Pigo la kisogoni ndilo lililoua, moja tu, la kitu kizito cha mti chenye uso bapa, kama nyundo ya kupigilia vigingi. Paja lilikatwa baadaye. Nyama ya mtu aliye hai ikikatwa hujivuta na damu huganda kandokando. Hii ilikuwa nyeupe, imelala wazi, kama nyama ya buchani.

"Kwa hiyo aliyemkata hakuwa na hasira," Ruan alisema. "Alitaka tu tuone paja."

"Hayo ya kwako. Mimi nasoma mwili, nia za watu sisomi."

"Na tumbo hili? Mbona limevimba? Mbona lina ukijani hapa chini?"

Mu aliinua mabega. Alisema watu hula ovyo siku hizi, vitu baridi, vitu vya juzi. Tumbo la mtu likichacha akiwa hai, litashangaza nini akifa? Ruan alilibonyeza kwa kidole. Ngozi ililegea, ikateleza kidogo chini ya kidole chake, na harufu iliyotoka haikuwa ya mtu aliyekuwa anapumua alfajiri. Alikwisha kuzika wenzake mpakani wakati wa kiangazi. Aliijua harufu ile.

"Kula," alisema Mu, akimsukumia bakuli la pili. "Uso wako umekuwa wa bluu. Mke wangu ameleta uji."

Ruan alipokea bakuli bila kufikiri. Tangu jana alikuwa akila maandazi magumu na mboga za chumvi, na vidole vyake vilishangaa kabla yeye mwenyewe hajashangaa. Uji ulikuwa wa moto.

"Mmewasha jiko?"

"Mungu apishe mbali! Huo ni wa shimoni." Mu alicheka. "Umesahau tunavyoishi huku? Chungu kinafunikwa vizuri, kinazikwa kwenye samadi ya farasi, kinalala humo. Samadi haina moshi, Jie hakasiriki, na sisi wazee matumbo yetu hayaumi. Huo ulifukiwa jana jioni."

"Jana jioni. Na bado unaunguza ulimi."

"Samadi ya farasi haina mchezo, afande."

Ruan aliliweka bakuli polepole juu ya ubao, karibu na bega la marehemu. Alitazama uji, akamtazama Gai, akautazama tena uji. 

"Mzee Mu, ungekuta bakuli hili barazani, hujui lilikotoka. Ungesema uji umeepuliwa lini?"

"Sasa hivi."

Mu alijibu upesi, kisha kijiko chake kikasimama njiani. Uso ulimbadilika rangi. Ruan hakumpa nafasi ya kubisha. Alimuuliza maiti hukakamaa kwa muda gani, na ikishakakamaa huwa nini. Mu, kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino, alisema hukakamaa, kisha hulegea yenyewe, na kwenye joto kali mambo hayo mawili hukimbizana.

"Basi hakuwa laini kwa sababu amekufa muda ule ule," alisema Ruan. "Alikuwa ameshakakamaa, ameshalegea. Ameanza kuoza. Hakufa alfajiri. Alikufa jana mchana, akapashwa kama uji."

 Mzee Mu aliinuka, akakichukua kichwa cha Gai mikononi, akakigeuza, akaingiza kijiti katika sikio. Mwili ulikuwa umeoshwa, tena kwa bidii, lakini hakuna muuaji anayekumbuka masikio. Kijiti kilitoka na chembe za majani yaliyotafunwa na farasi. Akatazama sikio la pili. Akakaa chini.

"Mimi ndiye niliyesema alfajiri," alisema. "Yule mzee anachapwa kwa kinywa changu."

"Utalia baadaye. Mashimo ya samadi mjini yako mangapi?"

Yalikuwa mawili tu makubwa kiasi hicho. La kituo cha farasi wa serikali lilikuwa na foleni ya wanawake na vyungu vyao mchana kutwa, na wachunga farasi hawakutoka pale. Huwezi kuzika hata panya bila kuulizwa. La pili lilikuwa la Hou Yanxiao, mfuga na mhasi wa farasi. Mu alisema hivyo, kisha akakumbuka kile alichokuwa akikilalamikia tangu jana: mke wake, na magoti yake mabovu, alilazimika kubeba chungu hadi kituoni, mwisho wa mji, ingawa shimo la Hou liko nyuma ya nyumba yao. Hou alikuwa amefunga lango tangu jana mchana. Alisema ana farasi mgonjwa.

 Hou Yanxiao hakuwa mtu wa kuguswa ovyo. Juu ya lango lake kulining'inia kibao cha heshima kutoka serikalini. Miaka mingi iliyopita alirudi kutoka jeshini akichechemea, akamkuta mama yake hoi kitandani, akajikata paja akampikia supu, na mama akapona. Mkuu wa jimbo alilia machozi alipoambiwa. Watoto walifundishwa kumwiga. Na leo asubuhi Hou alikuwa miongoni mwa wazee wa unyoya. Tena ndiye aliyeinama wa kwanza na kumgusa marehemu. Ndiye aliyegeuka na kuwaambia wenzake, "Bado ana joto."

Liko paja lililochomwa mkuki kwa nyuma wakati mwenyewe anatimua mbio. Gai hakumsema Jie hata kidogo. Mzee wa watu alipiga ufagio kwa tusi lisilokuwa lake.

Kutoka barazani, ng'ambo ya uwanja, pigo la mwanzi lilisikika, kisha jingine. Ruan aliita askari wake wawili, Dou na Xing, akamwambia Mu abebe sepetu.

Lango la Hou lilikuwa limefungwa. Liligongwa, likafunguliwa na Hou mwenyewe, mtu mrefu, ndevu zimechanwa vizuri, mkanda wa ngozi kiunoni na visu vyake vya kuhasia farasi. Hakuonyesha wasiwasi. Aliwakaribisha kwa adabu zote, akauliza kama mzee Shan ameshasema, akatikisa kichwa kwa masikitiko. Akaeleza juu ya farasi mgonjwa kabla hajaulizwa.

"Pole," alisema Ruan. "Nami nimekuja kumsalimia mama. Haifai kupita lango hili bila kumsalimia mama."

Hilo hata Hou hakuweza kulikataa. Mama yake alikuwa ameketi juani kwenye mkeka, mdogo, amejifunika blanketi mwezi huu wa maua, mikono imeshika tumbo. Ruan alipiga magoti, akamwamkia kama mama yake mzazi, akamuuliza habari za afya.

"Afya gani, mwanangu? Tumbo linanikata tangu jana. Nimelishwa uji wa baridi."

"Mama," Hou alisema.

"Siku hizi ndiyo desturi, mama," Ruan alisema taratibu. "Wote tunakula baridi."

"Mimi sili baridi. Kila mwaka tunaomba ruhusa ya moto mdogo kule hekaluni, na mwaka huu bao la ramli la Mzee Shan lilikataa, basi, sina neno na Jie. Lakini shimo lipo. Kila mwaka Yanxiao ananifukia chungu changu humo. Jana nimekileta mwenyewe, akanikatalia. Ati shimo limepoa."

"Amesahau, mzee huyu. Akili yake imekuwa inatangatanga," Hou alisema, na safari hii sauti yake ilikwaruza.

Ruan aligeuza kichwa. Nyuma ya zizi, juu ya shimo lililopoa, mvuke ulikuwa unapanda hewani mwembamba, mchana kweupe.

Mtu aliyemlisha mama yake nyama ya paja lake alishindwa kumpashia bakuli la uji. Ruan alijiona mchafu kwa jinsi alivyolipata neno lile, kwa kumpigia magoti mwanamke mzee. Sheria hairuhusu mama aitwe kumshuhudia mwanawe, naye amemtoa ushahidi mdomoni kwa salamu. Lakini alisimama, akamwambia Mu aanze kuchimba.

Sepetu ilizama mara chache tu. Hou alitoa kisu kimya kimya. Dou alikuwa karibu zaidi, na kisu cha kuhasia kilimpata shavuni kikaingia mpaka meno yake yakaonekana kwa pembeni, meupe, kabla damu haijayafunika. Aliketi chini akishika uso kwa mikono miwili. Hou alimruka akamwendea Mu. Ruan alimkinga kwa mkono wa kushoto. Kisu kikamchana kutoka kiwiko hadi kiganja, na kwa mkono wa kulia akashusha rungu lake la chuma juu ya bega la Hou. Mfupa ulilia. Hou hakuanguka. Walikumbatiana, wakapinduka, wakatumbukia wote wawili shimoni, katika samadi iliyokuwa na joto la kuchefua, na mle ndani hapakuwa na upiganaji wa kujivunia. Hou alimuuma sikio. Ruan alimtia dole gumba jichoni akasukuma. Xing alikuja kwa juu na kumpiga Hou kwa kigingi magotini, mara ya pili, mara ya tatu, mpaka goti moja likakunjika upande ambao magoti hayakunjiki, na hapo ndipo alipopiga kelele.

Majirani walikuwa wameshajaa langoni, wanawake na vyungu vyao mikononi, na mmoja wa wale wazee wa unyoya. Mu aliendelea kuchimba, machozi yakimtoka, sijui ni ya samadi au ya kitu kingine. Alitoa kiatu. Akatoa kitambaa cha kichwa kilichoganda damu na nywele. Mwisho akatoa kibao cha mti, kile cha kugongea meza, ambacho kila aliyekuwa pale alishawahi kukisikia kikinyamazisha duka zima la pombe.

Ruan alimvuta Hou hadi ukingoni kwa ukosi wa nguo. "Kwa nini?" aliuliza, ingawa alijua.

"Alikuja hapa," Hou alisema kwa meno yaliyojaa damu. "Hakutaka hata fedha. Alitaka nikishushe kibao cha heshima langoni. Alisema kikosi chetu kizima kilikatwa vichwa mlimani mimi nikikimbia, na kwamba aliuona mkuki uliponiingia. Miaka yote hii nimekuwa mtu. Anakuja mlevi mmoja kunirudisha kuwa mbwa."

 Mwanamke mmoja langoni alianza kurudi nyuma.

Mama yake alikuwa ameinuka kutoka mkekani, akaja kwa hatua zake ndogo mpaka karibu na shimo, akimwangalia mwanawe, kisha akamwangalia Ruan.

"Nimesema nini mimi?" aliuliza.

Ruan aliuachia ukosi wa Hou.

"Ilikuwa ya kondoo," alisema mama, taratibu, kama anayemnong'oneza mtu mmoja tu. "Ile supu. Nilijua toka nilipoionja. Nikawaacha waweke kibao chao, kwa sababu alikuwa amerudi hai." Akaketi pale pale chini, karibu na kile kiatu, akashika tumbo lake.

Ruan alimwacha Xing na yule mzee wamlinde Hou, akamwacha Mu akifunga shavu la Dou, na yeye akakimbia. Alikimbia katikati ya mji, mkono ukimwaga damu, ananuka samadi mwili mzima, na watu waliokuwa wakicheza mpira uwanjani walimpisha wakiziba pua. Jua lilikuwa bado juu ya paa za magharibi. Alijiambia muda upo. Aliusikiliza mwanzi toka mbali, na hakuusikia, na akashukuru; alipofika langoni ndipo alipoogopa ule ukimya.

Baraza lilikuwa karibu tupu. Hakimu alikuwa ameshaondoka kwenda kwenye bembea. Askari mmoja alikuwa akimwaga maji sakafuni na kuyasukuma kwa ufagio, mekundu, kuelekea mlangoni. Karani alikuwa mezani akiipepea karatasi ili wino ukauke.

"Amekiri?" Ruan aliuliza.

"Hivi punde. Ameeleza yote," karani alisema, kisha akaona mkono wake. "Afande, umefanya nini?"

Ruan aliichukua ile karatasi, hakuisoma, akaiweka chini ya kiganja chake chenye damu mpaka maneno yakazama. Karani alianza kusema juu ya amri ya Mheshimiwa, akautazama uso wa Ruan, akaona ni heri anyamaze. Mzee Shan alikuwa amelazwa pembeni kwa ubavu, ubao mzito wa wafungwa umeshafungwa shingoni mwake. Alikuwa anapumua. Ruan alipiga magoti katika yale maji, akagonga pini ya ubao mpaka ikatoka, akaunyanyua kwa uangalifu asimkwaruze masikio.

"Mzee Shan. Ni mimi, Ruan. Yamekwisha. Muuaji tumempata, ni Hou, amekiri mbele ya watu. Wewe uko huru. Unanisikia? Nenda nyumbani."

Mzee alifumbua macho. Alimtambua. Ilionekana wazi kwamba alimtambua, maana alijikunja, akavuta magoti kifuani, akakinga kichwa kwa mikono.

"Ni mimi niliyemuua, afande."

"Hapana, mzee. Nakwambia umeachiwa."

"Ni mimi. Nimemuua Gai." Sauti yake ilikuwa ya upole, ya mtu anayetaka kusaidia. "Nimesema shoka. Kama si shoka, usinipige. Niambie tu nilimpiga kwa kitu gani, nami nitasema hivyo hivyo."